Mguu wa Katani wa Baba Yangu

Mguu wa kwanza wa bandia aliopewa baba yangu ulikaa mvunguni mwa kitanda, kando ya vipande vya bati vilivyobaki tulipoezeka jiko, muda mrefu hadi mama akawa anaufagilia pembeni kama anavyofagilia viatu. Haukuwa mguu mbaya. Walioutengeneza wanaijua kazi yao, na siku alipofundishwa kuutumia, kwenye korido ya hospitali yenye sakafu iliyonyooka na vyuma vya kushikilia, alitembea vizuri mpaka wagonjwa wenzake wakampigia makofi. Tatizo ni kwamba sisi hatuishi kwenye korido. Nyumbani ni Kisarawe, ndani huko, ambako njia ya kisimani inashuka, njia ya msikitini inapanda, na mikorosho ya baba iko ng'ambo ya bonde ambalo masika yakiingia linakuwa utelezi mtupu. Unyayo wa mguu ule ulikuwa kipande kimoja kizito kisichopinda. Akishuka mteremko unamsukuma mbele, akipanda unamrudisha nyuma.

"Huu ni mguu wa karani," aliniambia. "Mimi mkulima."

Akarudia magongo yake.

Alivyoupoteza mguu wenyewe ni kisa kifupi. Alichomwa na kijiti shambani, kidonda kikakataa kupona, kumbe ana sukari na hakuna aliyejua, hata yeye. Tulipomfikisha hospitali ya Tumbi madaktari walikuwa wamebakiwa na njia moja tu ya kumwokoa. Walimkata chini ya goti. Siku zile nililia kwa kilichoondoka. Baadaye nilijifunza kushukuru kwa kilichobaki, maana mtu mwenye goti lake bado ana sehemu kubwa ya mwendo wake, na huyo anaweza kusaidiwa.

Wakati huo nilikuwa nafanya kazi kwenye karakana ya faiba, Picha ya Ndege, Kibaha, na bado niko hapo hapo. Ukipita barabara kuu utatuona tu: masinki yamepangwa nje, matangi, maboksi ya kufungwa nyuma ya pikipiki, na sanamu ya twiga asiye na kichwa, ambaye mteja alimwagiza kisha akapotea kabla hatujammaliza. Kazi yetu ni kuchukua nyuzi, ambazo peke yake ni kama kitambaa, na rezini, gundi ya majimaji ambayo ikikauka peke yake inavunjika kama biskuti, kisha kuvilaza pamoja ndani ya kalibu, tabaka juu ya tabaka, mpaka vigande vikiwa kitu kimoja. Hicho kitu kimoja kinakuwa na nguvu ambayo nyuzi hazikuwa nayo na rezini haikuwa nayo. Nilisomea uhandisi wa mitambo, nikafundishwa injini, pampu na mengine mengi, lakini jambo hili la vitu viwili dhaifu kubebana ndilo lililonikaa moyoni, na ndiyo sababu niliacha kutafuta kazi za ofisini nikaenda kunuka rezini.

Mwenye karakana ni mzee wa Songea, mwimbaji wa kwaya, mtu mwenye sauti nzito na mikono iliyoungua dawa. Alijifunzia faiba kwenye kuziba bodi za magari. Mimi aliniajiri ili nipime. Kabla sijafika, tangi lilipimwa kwa kujazwa maji na sinki lilipimwa kwa kukaliwa na fundi mnene kuliko wote.

Siku moja nilimpeleka baba kliniki, naye akaangaliwa na dada anayetengeneza viungo bandia, mwanamke mwembamba wa Singida anayevaa miwani kichwani kuliko machoni. Alimkagua kigutu, akauliza habari za mguu aliopewa. Baba akaanza kusema uko salama. Mimi nikasema uko mvunguni. Yule dada hakukasirika hata kidogo. Alimuuliza anaishi wapi, njia zikoje, anafanya kazi gani, na baba alipomaliza kumsimulia bonde, kisima na msikiti, akanigeukia.

"Mzee anahitaji unyayo unaopinda na kurudi," alisema. "Kama springi. Akikanyaga unashuka, akiinua unamsukuma. Ipo, lakini inatoka nje, na hapa kuipata ni shida."

"Inatengenezwa na nini?" nikauliza.

"Nyuzi na rezini. Wanalaza tabaka juu ya tabaka."

Asubuhi ile ile, kabla ya kumchukua baba, nilikuwa nimetoka kulaza tabaka juu ya tabaka za sinki la saluni.

Nilimwambia kazi ninayofanya. Aliishusha miwani machoni, akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Basi njoo siku nyingine peke yako," akasema. "Lakini nakwambia mapema, mdogo wangu, sitamvalisha mtu kitu cha kubahatisha. Utauvunja wewe kwanza kwenye mashine, tena na tena. Siku utakaposhindwa kuuvunja ndiyo tutazungumza habari za mguu wa mzee."

Namshukuru kwa maneno yale kuliko msaada wowote alionipa baadaye, na alinipa mwingi.

Nilirudi karakana nikamweleza mzee wa Songea. Alisikiliza huku akichochea rezini kwenye ndoo.

"Hiyo tutamuuzia nani?" akauliza.

"Sijui, mzee. Pengine hakuna."

Alichochea tena kidogo. "Haya. Fanya wakati hakuna oda. Rezini chukua, ila usiniharibie brashi."

Nilianza na nyuzi za kioo, zile tunazotumia kila siku. Unyayo wa kwanza niliuchora kama herufi ya C iliyolala, na ulipokauka ulikuwa mgumu, una nguvu, na mzito kama tofali. Nilipoupunguza unene ukawa mwepesi, lakini ukapasuka kisigino. Nilihitaji kitu chepesi cha kukaa katikati, na kioo kikae nje kote kukizunguka. Ndipo nilipofikiria katani. Kijijini Soga kuna mkonge uliobaki tangu enzi za mashamba makubwa, umejiotea tu kandokando, treni mpya inapita jirani nao kwa kasi watu wasipate hata muda wa kuutazama. Huko nilimpata mama mmoja anayesuka mazulia ya mlangoni. Alikuwa anachana katani ndefu, nyeupe, iliyonyooka kama nywele zilizochanwa, na nilipomwambia ni ya kutengenezea mguu wa mtu alicheka, akaniuliza kama mtu huyo amekubali. Nikasema bado hajui. Akanichagulia mafungu yaliyo mazuri kuliko yote.

Mashine ya kupimia niliitengeneza mwenyewe, kwa sababu vipande vidogo niliweza kuvipeleka chuoni Dar vikavutwe kwenye mashine kubwa, lakini unyayo mzima unaokanyagwa kila siku hakuna pa kuupeleka. Nilichukua mota ya waipa ya gari, nikaifunga kwenye fremu ya chuma pamoja na mkono unaopanda na kushuka, na chini yake nikaubana unyayo. Mota ikizunguka, mkono unakanyaga kisigino, unahamia mbele, unainuka, unarudi. Kwa mzigo mkubwa wa mara moja nilitumia jeki ya lori yenye geji. Hakuna kilichokuwa kizuri kutazama, lakini kilifanya kazi, na kilifanya kazi kutwa nzima.

Kelele yake ilikuwa kama mtu anayetwanga. Mama muuza chipsi jirani yetu alivumilia kwa muda, kisha akaja mlangoni akiwa ameshika kiuno.

"Jamani, huyo anayetwanga kisamvu tangu juzi hajamaliza tu?"

Nilimwonyesha mashine. Aliitazama ikikanyaga hewani bila mtu, akasema, "Maskini, na inatembea haifiki," akarudi kwenye karai lake. Tangu siku hiyo mafundi wote wakaiita Kisamvu. Asubuhi wakifika wanauliza, "Injinia, Kisamvu ameamkaje?"

Nyayo zilivunjika. Nyingine zilipasuka kwa mlio mkali, nyingine zilichoka taratibu, tabaka zikaanza kuachana kama kitabu kilicholowa. Kila ukivunjika nilikuwa naukata kwa msumeno wa chuma na kuangalia ndani, na taratibu nikaanza kuelewa. Katani ilikuwa na utelezi wa asili, rezini haikuishika vizuri. Nikaanza kuiloweka kwenye maji ya kostiki, ile wanayotumia wapika sabuni, kisha kuisuuza na kuianika mpaka ikauke kabisa. Baada ya hapo rezini ilishika. Kuna wiki moja Kisamvu alikanyaga tangu tunafungua hadi tunafunga, siku baada ya siku, na unyayo haukubadilika hata mlio. Mzee wa Songea alikuja akasimama pembeni yangu, mikono nyuma, akausikiliza kama anavyosikiliza mtu anayekosea noti.

"Umegoma kuvunjika," akasema.

Yule dada wa viungo aliuchukua, akaupima kwa njia zake, akasimama juu yake yeye mwenyewe kwa uzito wake wote, akaenda kuuonyesha wakubwa wake. Ilichukua muda. Mwishowe aliufunga kwenye mguu mpya wa baba, unyayo wetu chini, na gundi ya nguvu ikashikilia soli niliyoikata kwenye tairi la pikipiki. Baba alisimama kati ya vile vyuma viwili. Alikanyaga, unyayo ukashuka kidogo, akainua, ukamsukuma. Alishtuka akaniangalia.

"Unanisaidia," akasema, kwa mshangao wa mtu aliyezoea kusaidiwa na mti wa gongo tu.

Wiki zilizofuata simu yangu haikupumzika. Amefika kisimani. Amefika dukani, amerudi na sukari ya mama, yeye mwenyewe haitumii. Amevuka bonde, ameiona mikorosho yake, mmoja umeangushwa na upepo na hakuna aliyemwambia. "Mlikuwa mnanificha," alilalamika, na nilisikia furaha kwenye ule ulalamishi. Nilikuwa napokea simu zake mikono ikiwa na rezini, nimebana simu kwa bega.

Halafu masika yakaingia, na simu iliyofuata ilitoka kwa mama.

"Baba yako ameanguka. Hajaumia sana, usiendeshwe kwa mbio. Lakini njoo."

Nilipanda pikipiki mpaka nyumbani, matope hadi magotini. Baba alikuwa amekaa barazani, kiwiko kimefungwa kipande cha kanga. Ule mguu ulikuwa juu ya mkeka mbele yake, umelazwa vizuri, kisigino kimefunguka kama mdomo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Kosa langu," akasema kabla sijauliza. "Nilibeba mkungu wa ndizi. Nilizidisha mzigo. Mguu wako hauna makosa."

Mama alitoka jikoni na kikombe cha chai. "Ndizi zipi? Alikuwa anatoka msikitini, mikono mitupu."

Baba aliangalia pembeni. Nilikaa chini kando yake, na nilikuwa na mambo mawili kifuani kwa wakati mmoja. Woga, kwa sababu angeweza kuvunjika nyonga pale mteremkoni. Na jambo lingine ambalo sina neno lake, la kumwona mtu mzima aliyeanguka kwenye matope anatafuta uongo wa kumkinga mwanawe asijisikie vibaya.

"Baba, tuache," nikasema. "Urudi kwenye magongo mpaka nijue nini kimetokea."

"Magongo nitarudi. Lakini kuacha, hapana. Wewe si umesema kazi yako ni kuvunja? Sasa umenipata wa kukuvunjia."

Karakana niliukata ule unyayo katikati. Nje ulikuwa mzuri. Ndani katani ilikuwa imekuwa nyeusi, imevimba, inanuka gunia lililolala mvuani. Ubaya ulikuwa umeanzia kwenye tundu la bolti, mahali nilipotoboa kwa drili baada ya kila kitu kukauka. Drili ilikuwa imefungua mlango, ikaziacha ncha za katani wazi, na katani inakunywa maji kama utambi unavyokunywa mafuta. Kisamvu alikuwa ameukanyaga wiki nzima, lakini ameukanyaga mkavu, ndani ya nyumba. Hata hivyo nilishangaa. Mvua zilikuwa zimenyesha siku chache tu, na baba alikuwa anavaa buti la mpira. Maji yale yalikuwa mengi mno kwa mvua ya siku chache.

Nilimtengenezea mwingine wa kutumia uwanjani tu, nikajaza rezini kwenye tundu, nikamwomba asitoke nao. Ijumaa iliyofuata nilienda kumtazama. Nilimkuta nyuma ya nyumba, amekaa kwenye kigoda karibu na pipa la maji, anatawadha. Nilisimama mbali nimsubiri amalize. Aliosha mikono, akasukutua, akaosha uso, mikono hadi viwiko, akapaka maji kichwani na masikioni. Akaosha mguu wa kulia, mzima wake, akapitisha kidole kati ya vidole vya mguu. Kisha akachota kopo jingine, akaumwagia mguu wa faiba. Aliuosha kwa utulivu ule ule, kisigino, ubavuni, juu kwenye bolti. Alipofika mbele, mahali ambapo vidole vingekuwa, akapitisha kidole chake hapo pia.

Sikusogea. Mara zote zile, kila siku, sala baada ya sala, tangu siku niliyomletea.

"Baba," nikasema hatimaye. "Huo nao unauosha?"

Aligeuka. "Kwa nini nisiuoshe?"

"Si lazima. Si wamekwambia si lazima?"

"Imamu aliniambia. Najua si lazima." Alijipangusa kwa ncha ya msuli wake. "Lakini ndio unaonifikisha msikitini, mama. Nitaingia nao vipi mchafu, mwingine msafi?"

Niliporudi Kibaha nilimweleza yule dada wa viungo. Alicheka mpaka miwani ikamdondoka kichwani, akajifuta macho.

"Tumepata jibu," akasema. "Mwambie asiuoshe, tumemaliza."

"Ningeweza kumwambia," nikasema. "Na angenisikiliza."

Aliacha kucheka. Tukatazamana. Nadhani alielewa kabla sijamaliza kuelewa mwenyewe. Baba alikuwa amenionyesha jinsi mguu ule utakavyoishi duniani. Si yeye peke yake. Wako wanawake wanaolima majaruba ya mpunga kule bondeni, wapo wanaofua, wanaochota maji, wanaouza samaki. Mguu unaoogopa maji hauwezi kuwa mguu wa watu wa kwetu.

"Basi tuuloweke," akasema.

Tulianza upya, na safari hii maji yaliingia tangu mwanzo. Nilijaza ndoo za karakana vipande vya majaribio. Vingine vilikaa kwenye maji matupu, vingine kwenye maji ya sabuni, vingine kwenye maji yenye matope ya Kisarawe niliyoyabeba mwenyewe kwenye dumu, mzee wa Songea akaniuliza kama Kibaha hatuna matope. Kila baada ya siku kadhaa nilivitoa, nikavipangusa, nikavipima uzito nijue vimekunywa kiasi gani, kisha nikavipinda mpaka vivunjike. Nilibadilisha mpangilio wa tabaka. Katani niliikatisha kabla haijafika kwenye tundu la bolti, ili eneo lote la tundu liwe kioo kitupu. Pembe zote zilizokatwa nilizifunika kwa tabaka jingine, nikazipaka rezini, nikazisugua msasa, nikazipaka tena. Juu ya Kisamvu nilining'iniza chupa ya maji niliyoitoboa kwa sindano, matone yakawa yanauangukia unyayo huku unakanyagwa. Mama wa chipsi alipita, akaona.

"Sasa mnamwogesha," akasema.

Miguu kadhaa ya mwanzo bado ilishindwa. Lakini nilikuwa najua ninachotafuta, na kazi ya mtu anayejua anachotafuta haichoshi kwa namna ile ile. Kuna asubuhi niliukata unyayo uliokuwa umeloweshwa na kukanyagwa kwa majuma, nikakuta katani ndani ni nyeupe na kavu, kama siku niliyoitoa Soga. Niliwaita mafundi wote waje waone. Walizunguka kile kipande cha ukubwa wa kiganja, wakakipokezana. Mzee wa Songea akaanza kuimba besi ya wimbo mmoja wa kwaya, peke yake, bila sauti nyingine za kumsindikiza, akarudi kwenye matangi yake.

Dada wa viungo alikuja mwenyewe Kisarawe kumfungia baba. Alisema anataka kuiona njia. Alishuka hadi kisimani nyuma yake, akapanda hadi msikitini, akaandika na kurekebisha, akakaza hapa, akalegeza pale. Baba alimwita mwanangu kabla hawajarudi nyumbani.

"Sasa naweza kuuosha?" akaniuliza.

"Uoshe, baba."

Ilikuwa imefika adhuhuri. Mgeni wetu ni Mkristo, akabaki jikoni akimenya mihogo aliyokatazwa kuimenya. Baba alienda kwenye pipa, akatawadha, akaja barazani tulikotandika mikeka. Tangu akatwe alikuwa anasali akiwa amekaa kwenye kiti. Kiti kilikuwa pale pale ukutani. Hakukitazama. Alisimama mbele, mimi na mama nyuma yake.

Alirukuu, akainuka. Kisha akashuka, mkono mmoja juu ya kigoda, polepole, goti moja, goti la pili. Nilipaswa kushuka naye. Mama alishuka. Mimi nilichelewa, na Mwenyezi Mungu anisamehe kuchelewa kule, kwa sababu macho yangu yalikuwa kwenye ule unyayo. Ulisimama wima nyuma yake, soli imenielekea, na mistari ya tairi la pikipiki imejaa maji ya udhu. Sehemu ya mbele iligusa mkeka, uzito wake ukaja juu yake, na ikapinda. Ilipinda kama nilivyoichora, kidogo, bila mlio. Na baba yangu akaweka paji lake la uso chini.

Nikasujudu. Nilichomwambia Mungu wakati ule kilikuwa neno moja tu, asante, nikalirudia mpaka baba akainuka.

Sasa hivi miguu kama ule inatembea sehemu kadhaa za Kibaha na Kisarawe, si mingi, na yote tunaifuatilia. Yule dada ana daftari la wanaosubiri na kila mmoja ana njia yake na sababu yake. Mwalimu mmoja wa chekechea anataka wa kuchuchumaa na watoto. Mwendesha pikipiki wa hapa Picha ya Ndege anataka wa kubadilishia gia. Bado tunapima, bado tunavunja, na mama wa Soga sasa anatuwekea mafungu yetu pembeni bila kuambiwa. Mzee wa Songea hajawahi kuniuliza tena tutamuuzia nani.

Juzi baba alinipigia kulalamika kwamba mguu unalia.

"Unalia vipi?"

"Kama panya. Nikiingia msikitini watu wanageuka."

Jumamosi nikaenda. Ulikuwa mchanga tu, umeingia kati ya kisigino na bamba la juu. Baba alikaa barazani, akanyoosha mguu, nikauvua nikauweka mapajani mwangu, nikaanza kuutoa mchanga kwa mswaki wa zamani. Alikuwa anakula muhogo wa kuchemsha, ananielekeza pale niliporuka, kwa kujiamini kabisa, kama vile yeye ndiye aliyeutengeneza. Niliinama nikaendelea kusugua. Nilipoupuliza mara ya mwisho na kuugonga kwenye kiganja, haukulia tena, na aliunyooshea mkono aurudishe.